Simba, Nguruwe na Mkulima: Historia ya Utafiti wa Simba Wala Watu katika Rufiji

Mwaka 1998 ilianzishwa katika Wilaya ya Rufiji hesabu ya watu iliyokuwa ngeni kabisa katika sehemu zile. Kata sita za kaskazini ya mto, nazo ni Mchukwi, Kibiti, Bungu, Ikwiriri, Umwe na Mgomba, zenye vijiji 31 na watu kadiri ya 85,000, ziliwekwa chini ya uangalizi wa wataalamu wa afya. Makarani walipita nyumba kwa nyumba mara tatu kila mwaka, wakaandika aliyezaliwa, aliyehama, aliyehamia na aliyefariki. Palipotokea msiba, alipelekwa mtu kuzungumza na jamaa za marehemu ili ijulikane amekufa kwa sababu gani. Hesabu hiyo iliwasaidia wakuu wa wilaya kugawa fedha za matibabu kwa kufuata maradhi yaliyokuwa yakiua watu wengi zaidi. Mchukwi, Kibiti na Bungu zimo leo katika Wilaya ya Kibiti, iliyotengwa na Rufiji katika miaka ya 2010, lakini wakati ule nchi yote ile ilikuwa wilaya moja.

Haikutimia miaka minne tangu kuanza kwa hesabu hiyo, katika wilaya ile ile akatokea simba aliyeua watu 35. Alianza Agosti 2002, na hakupatikana hata Aprili 2004. Jambo hili laleta swali ambalo ndilo msingi wa makala haya. Maradhi yalikuwa na waandishi wake. Je, waliouawa na simba walihesabiwa na nani? Simba wa Tanzania walikuwa wamechunguzwa na wenye elimu kwa muda wa karibu miaka arobaini, tena kwa makini ambayo wanyama wachache duniani wamepata kuchunguzwa. Mkulima aliyelala shambani mwake karibu na simba hao hakuwamo katika uchunguzi. Historia ya utafiti wa simba katika Rufiji ni historia ya elimu iliyoanza kwa kumtazama simba peke yake, ikaja kutambua baadaye kuwa habari za simba mla watu haziwezi kueleweka pasipo habari za nguruwe, na za nguruwe haziwezi kueleweka pasipo habari za kilimo.

Nchi na desturi zake

Mto Rufiji hufurika wakati wa masika, na maji yanapopungua huacha udongo wenye rutuba bondeni. Tangu zamani Warufiji wamelima mpunga wa mafuriko, na maji yanapokauka hupanda mahindi na mazao mengine ya mlau katika udongo ulio na unyevu bado. Nchi ya juu, upande wa Mchukwi na Kibiti, ni nchi ya Wandengereko, yenye mchanga, mihogo, minazi na mikorosho. Katika sehemu zote mbili mazao yana adui wengi: ndege, nyani, viboko karibu na maji, na hasa nguruwe wa mwituni. Ndege hula mchana, na mtu aweza kuwaamia kwa kombeo na kelele. Nguruwe huja usiku kwa makundi, huchimba mihogo, huangusha mahindi, na kundi moja laweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha nyumba nzima cha miezi mingi.

Kwa sababu hiyo ikawako desturi ya dungu. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo shambani, chenye ulili wa fito na paa la nyasi, ambamo mkulima hulala tangu mazao yanapoanza kukomaa hata yanapovunwa. Mara nyingi huenda na mkewe na watoto, kwa kuwa kazi ya shambani ni ya watu wote, na nyumba iko mbali. Dungu refu lenye kuta humkinga mtu na mengi, lakini dungu fupi lisilo na mlango si kinga ya simba. Zaidi ya hayo, mtu halindi mazao kwa kukaa juu tu. Hana budi kushuka kumfukuza nguruwe, na kushuka huko hufanyika gizani.

Ulinzi wa dungu haukuwa peke yake. Wanaume wa vijiji waliungana kufanya misako ya nguruwe kwa nyavu, mikuki na mbwa, na nyika ilichomwa moto ili nguruwe wasipate maficho karibu na mashamba. Katika nchi yenye Waislamu wengi nyama ya nguruwe hailiwi, kwa hiyo misako hiyo haikuwa ya kutafuta kitoweo. Ilikuwa kazi ya ushirika, mfano wa kuchimba kisima au kusafisha njia, na malipo yake yalikuwa kuvuna.

Wakati wa Wadachi

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, na kwa amri hiyo zikatengwa hifadhi za wanyama, mojawapo katika nchi ya mto Rufiji. Hiyo ndiyo asili ya hifadhi ambayo baadaye iliitwa Selous, kwa jina la mwindaji Mwingereza Frederick Courteney Selous aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Wenyeji waliiita Shamba la Bibi, na hadithi husema kuwa Kaisari wa Ujerumani alimpa mkewe nchi ile iwe zawadi.

Sheria za uwindaji hazikuishia katika mipaka ya hifadhi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoyatoa mwaka 1997, ameonyesha jinsi mambo yalivyokuwa katika Uzaramo, nchi inayopakana na Rufiji upande wa kaskazini. Misako ya ushirika ilibanwa na sheria, wanaume wengi waliondoka vijijini kwenda kufanya kazi za kodi na za mashamba ya wageni, na ulinzi wa mazao ukawaangukia wanawake. Nguruwe wakaongezeka, na njaa ikaja. Sunseri ameiweka njaa hiyo miongoni mwa sababu za vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905 katika Vilima vya Umatumbi, kusini ya Rufiji, baada ya watu wengi kumwendea Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe kutafuta maji ya dawa.

Hoja hiyo yafaa kushikwa, kwa kuwa nguruwe huyo atarudi tena baada ya miaka mia. Watu wa vijijini hawakuhitaji kuambiwa na mtaalamu kuwa nguruwe ni chanzo cha mashaka mengi. Walijua kuwa mahali penye nguruwe wengi hapakosi chui na simba. Lakini maarifa hayo yalikaa vinywani mwa watu, hayakuingia katika vitabu vya serikali, na sheria zilitungwa bila ya kuyafikiri.

Wakati wa Mabwana Nyama

Waingereza walipoitawala Tanganyika waliunda idara ya wanyama, na maofisa wake wakajulikana kwa jina la Bwana Nyama. Ofisa aliyetawala mambo ya kusini kwa muda mrefu alikuwa C. J. P. Ionides, aliyeingia katika idara hiyo mwaka 1933 na kukaa Liwale. Watu wengine wanamkumbuka kwa sababu ya nyoka aliowakamata kwa maelfu, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuikuza Hifadhi ya Selous. Katika miaka ya 1940 watu wa sehemu kubwa ya Liwale walihamishwa, kwa sababu iliyotajwa ya malale, na nchi waliyoiacha ikaunganishwa na hifadhi. Hivyo mpaka kati ya wanyama na watu ulichorwa upya, na walioachwa pembeni mwa mpaka wakawa majirani wa pori lisilokuwa na wenyewe ila serikali.

Katika wakati huo simba mla watu alikuwa jambo la bunduki. Palipouawa mtu, habari ilipelekwa bomani, na Bwana Nyama au askari wake akatumwa kumsaka mnyama. Habari ikiisha, iliandikwa mistari michache katika ripoti ya mwaka. Wachache tu walijiuliza kwa nini jambo hili hutokea mahali hapa wala si pale. Mmojawapo alikuwa George Rushby, aliyepelekwa Njombe katika miaka ya 1940 kuwaua simba waliokuwa wamewatesa watu kwa miaka mingi. Rushby alieleza kuwa wanyama wa mwituni walikuwa wamepigwa risasi kwa wingi ili kuzuia sotoka isienee kusini, na simba waliokosa mawindo wakageukia watu. Hapo palikuwa na mwanzo wa hoja ya kielimu, ijapokuwa hakuna aliyeifuata kwa vipimo.

Watu wenyewe walikuwa na hoja nyingine. Katika Njombe walisema simba wale walitumwa na mchawi. Katika Singida, miaka hiyo hiyo ya 1940, palikuwa na kesi za watu walioshitakiwa kwa kuua wakijifanya simba, na serikali ikawanyonga baadhi yao. Imani ya simba wa kutumwa imekuwako pia katika nchi nyingi za kusini hata siku za karibuni. Wako waliodhani imani hiyo ni ujinga mtupu, lakini mwenye kuitazama vema ataona kuwa yajibu swali ambalo ripoti za bomani hazikulijibu: kwa nini simba huyu, kati ya wengi wapitao usiku, aliingia katika nyumba hii na kumchukua huyu?

Elimu ya simba yaanza

Utafiti hasa wa simba ulianza mbali na Rufiji. Mwaka 1966 Mmarekani George Schaller alifika Serengeti, ambako katika mwaka huo ilianzishwa taasisi ya utafiti ya Serengeti, na kwa zaidi ya miaka mitatu aliwafuata simba mchana na usiku. Kitabu alichokitoa mwaka 1972 kikawa msingi wa elimu yote iliyofuata. Kazi yake ilirithiwa na wengine, na mwaka 1978 ikawaangukia Craig Packer na Anne Pusey. Simba walijulikana mmoja mmoja kwa vidoa vya ndevu zao, wakaandikwa wazazi wao, watoto wao, na siku za kuzaliwa na za kufa kwao. Mwaka 1980 serikali ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na elimu hiyo ikapata makao ya kitaifa.

Selous nayo haikusahauliwa. Huko Kingupira, mashariki ya hifadhi, palijengwa kituo cha utafiti wa miombo, na mwaka 1974 Alan Rodgers alitoa makala juu ya simba wa sehemu ile. Katika miaka ya 1990 Scott na Nancy Creel, waliokuja kuchunguza mbwa mwitu, waliwahesabu simba wa Selous pia.

Kazi hizi zote ni za thamani. Lakini zilifanywa ndani ya hifadhi, mahali ambapo mtu haruhusiwi kulima wala kulala shambani. Serengeti ina nyumbu na punda milia kwa mamia ya maelfu, na nyika iliyo wazi ambayo mtafiti aweza kuona mbali kutoka garini. Simba wa vichaka vya Rufiji hana nyumbu wengi, haonekani, na njia zake hukatizana na njia za watu. Aliyesoma habari za simba katika vitabu vya wakati huo angeweza kujua ni watoto wangapi simba jike huzaa, asijue hata kidogo ni watu wangapi wa Rufiji au Lindi waliokufa mwaka uliopita.

Operesheni Rufiji

Wakati Schaller akiwafuata simba wa Serengeti, katika Rufiji yalitokea mageuzi makubwa ya makazi. Mafuriko ya mwaka 1968 yaliharibu mashamba na nyumba bondeni, na serikali ikachukua nafasi hiyo kuwahamishia watu nchi ya juu, katika vijiji vya ujamaa. Shughuli hiyo yajulikana kwa jina la Operesheni Rufiji. Makusudi yake yalikuwa mema: kuwaepusha watu na maji, na kuwapatia shule, zahanati na visima kwa pamoja.

Ila udongo wenye rutuba haukuhama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Han Bantje, waliochunguza mafuriko na njaa katika vijiji vya Rufiji katika miaka ya 1970, na Kjell Havnevik, aliyeandika juu ya wilaya hiyo kwa miaka mingi, wameeleza jinsi watu walivyoendelea kushuka bondeni kulima. Zamani mtu alikaa karibu na shamba lake. Sasa nyumba yake ikawa kijijini na shamba lake mbali, na katika miezi ya mazao alilazimika kukaa dunguni siku nyingi, mbali na jirani. Kijiji kilichojengwa ili kuwakusanya watu kiliwatawanya katika msimu ule ule wenye hatari kubwa. Hakuna aliyekusudia hivyo, wala hakuna mtafiti wa wanyama aliyekuwapo kuandika matokeo yake.

Simba wa mwaka 2002

Simba aliyeua watu 35 aliwinda katika vijiji vinane vilivyo katika eneo la kadiri ya kilomita za mraba 350, kama kilomita 150 kutoka Dar es Salaam. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na magari yakaanza kwenda Kilwa na Lindi pasipo kungoja kivuko. Na katika mwaka huo huo watu wa vijiji hivyo walifunga milango yao kabla ya magharibi. Wakampa simba huyo jina la Osama. Wengine waliouawa walikuwa mashambani, wengine walitolewa katika nyumba zao.

Askari wa wanyamapori walipomuua, akaonekana kuwa ni dume ambaye hajapata ndevu ndefu, mwenye umri wa miaka mitatu na nusu hivi, na chini ya gego lake moja palikuwa na jipu kubwa. Mjerumani Rolf Baldus, aliyekuwa akifanya kazi katika mpango wa kuhifadhi Selous, aliandika habari zake mwaka 2004. Jino hilo liliwakumbusha watu simba wawili wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898 na ambao mafuvu yao yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago. Mmoja wao naye alikuwa na meno mabovu. Luteni Kanali Patterson, aliyewaua, alipata kudai kuwa waliuawa watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao kwa njia za kemia walikadiria mwaka 2009 kuwa walioliwa walikuwa kama 35.

Maelezo ya jino yapendeza, kwa kuwa yampa kila mtu faraja. Kama simba mla watu ni mgonjwa, basi ni ajali, na akiuawa mambo yamekwisha. Lakini katika Lindi, Mtwara na sehemu nyingine za kusini mashariki watu walikuwa wakiuawa mwaka baada ya mwaka na simba wengi mbalimbali, na jino bovu la mmoja haliwezi kueleza habari za wote.

Hesabu ya mwaka 2005

Wakati huo huo kazi iliyokuwa imekosekana ilianza kufanywa. Profesa Craig Packer, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, na Hadas Kushnir, walikusanya habari za mashambulio ya simba kwa Tanzania nzima, wakazitoa katika jarida la Nature mwaka 2005. Waliona kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kuwajeruhi wasiopungua 308, na kuwa mashambulio yaliongezeka sana katika miaka hiyo. Watu wa nchi nao walikuwa wameongezeka, kutoka milioni 23 katika hesabu ya mwaka 1988 hata milioni 34 mwaka 2002.

Matokeo yenye uzito zaidi yalihusu mahali na majira. Katika kila mashambulio mia, 39 yalitokea kati ya Machi na Mei, yaani wakati wa kuvuna, watu wanapolala mashambani. Tena wilaya zenye mashambulio mengi zilikuwa ni zile ambazo wanyama wa kuwindwa wa kadiri ya kati, kama punda milia na swala, wamekuwa haba, na nguruwe wa mwituni ni wengi. Njia ya mambo ikawa wazi. Pori linapogeuzwa mashamba, wanyama wengine hukimbia au huliwa, lakini nguruwe hustawi kwa kuwa mkulima amemwandalia chakula. Simba aliyekosa mawindo mengine humfuata nguruwe, nguruwe huyafuata mahindi, na mkulima huja shambani usiku kumzuia nguruwe. Watatu hao hukutana mahali pamoja katika saa moja.

Uchunguzi ulioongozwa na Kushnir, uliotolewa mwaka 2010, uliingia ndani zaidi katika wilaya mbili za Rufiji na Lindi. Safari hii waliohojiwa walikuwa jamaa za waliodhurika na majirani zao ambao hawakudhurika, ili ijulikane tofauti yao. Ilionekana kuwa waliodhurika walikuwa na vibanda vilivyo dhaifu zaidi, walitembea mwendo mrefu zaidi kutafuta mahitaji yao, walilala nje siku nyingi zaidi, na waliona nguruwe mara nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, simba hakuchagua ovyo. Umaskini wa mtu ulimweka katika njia ya simba kabla simba mwenyewe hajafika.

Mwaka 2011 watafiti hao walitoa jambo jingine. Kwa kutazama mashambulio karibu 500 ya tangu mwaka 1988 hata 2009, waliona kuwa hatari ni kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Katika mbalamwezi simba hashibi, kwa kuwa mawindo humwona. Mwezi ukisha kupevuka, huanza kuchelewa kuchomoza, na saa za kwanza za usiku, ambazo watu bado wako nje wakipika, wakienda chooni au wakitembeleana, huwa za giza totoro. Mlinzi wa dungu aweza kulitumia jambo hilo pasipo kununua kitu chochote.

Mfano wa dubu

Yafaa kulinganisha mambo haya na yale ya nchi ya mbali. Afrika ya kusini ya Sahara haina dubu, lakini katika Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini dubu wa kahawia ndiye mnyama anayewaletea wakulima na wafugaji mashaka yafananayo na ya simba. Mwaka 1959 ndugu wawili, Frank na John Craighead, walianza kuwachunguza dubu wa Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, na mwaka 1961 waliwavisha mikanda ya shingoni yenye redio ili kujua waendako. Waligundua kuwa maisha ya dubu wale yalikuwa yameshikamana na majalala, ambako kwa miaka mingi mabaki ya chakula cha wageni yalikuwa yakitupwa. Wakuu wa hifadhi walipoamua kuyafunga majalala kwa haraka, mwishoni mwa miaka ya 1960, dubu walitawanyika kutafuta chakula katika kambi na makazi ya watu, na wengi wakauawa. Mwaka 1975 serikali ya Marekani iliwaweka dubu hao chini ya sheria ya viumbe walio hatarini.

Funzo ni lile lile. Mnyama hufuata chakula ambacho mwanadamu amekiweka, kwa kujua au kwa kutojua, na asiyechunguza chakula hicho hataelewa mwendo wa mnyama. Tofauti ni hii: katika Yellowstone chakula kilikuwa takataka za wageni, na serikali iliweza kuyafunga majalala kwa amri. Katika Rufiji chakula cha nguruwe ni mahindi ya mkulima, ambayo ndiyo uhai wake, nayo hayawezi kufungwa kwa amri.

Baada ya kujua

Watafiti wa mwaka 2005 walipendekeza nguruwe wapunguzwe katika mashamba, kuwa ni njia ya kuwaokoa watu na simba pamoja, maana simba naye huuawa kwa kisasi baada ya kila msiba. Pendekezo hilo kwa kweli lalirudisha jambo lililokuwa likifanywa na wazee kwa nyavu na mbwa kabla ya mwaka 1900. Lakini misako ya ushirika ikiachwa kwa vizazi kadha haiamki kwa neno la mtaalamu. Nyavu zahitaji watu wa kuzifuma, msako wahitaji vijana walio kijijini, na bunduki ni za wachache.

Sheria nayo imekwenda kwa mwendo wake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuweka fidia. Ilitumia maneno mengine, kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Kanuni za mwaka 2011 zilikadiria kifuta machozi cha mtu aliyeuawa kuwa shilingi 1,000,000. Majina hayo yamechaguliwa kwa uangalifu. Fidia hukiri kuwa pana deni. Kifuta machozi hukiri kuwa pana huzuni. Utafiti ulioonyesha kuwa pori lililohifadhiwa kwa faida ya taifa na ya dunia huwagharimu zaidi walio maskini pembeni mwake haujawageuza watu hao kuwa wadai.

Nchi yenyewe inabadilika tena. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bwawa la kuzalisha umeme lililojengwa katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mwezi Aprili mwaka huo mafuriko yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Mwendo wa maji ukibadilika, mashamba ya mlau hubadilika. Mashamba yakibadilika, madungu huhamia kwingine, na pamoja nayo mahali pa kukutana mtu, nguruwe na simba. Matokeo ya mwaka 2005 na 2010 ni ya kweli kwa nchi ilivyokuwa wakati ule. Kuyashika kama kwamba nchi imesimama ni kurudia kosa la kale kwa namna nyingine.

Tanzania ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini fahari hiyo ina wenye kuilipia, nao ni watu wanaoshuka dunguni saa nane za usiku, wenye kijinga cha moto mkononi, kumfukuza nguruwe katika mahindi. Makarani wa Mchukwi walionyesha mwaka 1998 kuwa kifo kikiandikwa na sababu yake ikaulizwa kwa jamaa za marehemu, fedha za serikali huweza kugeuzwa njia. Watafiti wa simba walipofuata njia hiyo, wakaenda kuuliza nyumbani kwa waliofiwa, ndipo walipojifunza juu ya simba jambo ambalo miaka mingi ya kumtazama porini haikuwafunza. Kazi iliyobaki ni kuuliza kila mwaka, katika kila kijiji, kama maradhi yalivyoulizwa.